Mwenye Kitenzi na Mizani ya Utamko

Hakuna kitenzi cha sayansi kilichowahi kumwangusha Gwamaka. Hayo aliyasema mwenyewe, na aliyasema popote penye benchi na watu wawili: kwamba alitoka kidato cha nne na kamusi nzima ya Kiingereza kichwani, kwamba hata ukimwamsha usingizini ukamtajia kitenzi chochote cha maabara, atakupa herufi zake, maana yake na ukoo wake mpaka babu wa saba kabla hajafumbua macho. Waliosoma naye wanakumbuka mengine. Wanakumbuka kwamba maabara yenyewe aliiingia kwa nadra, akaunguza nyusi zake mwenyewe, kisha akatolewa nje kwa kumwita mwalimu wa kemia shemeji. Lakini waliosoma naye hawakuwapo Utamko. Raha ya safari ni hiyo.

Namna alivyofika Utamko tuiache. Miguu ilimuuma, inatosha. Tuanzie langoni, ambako askari hakumuuliza hati wala mzigo.

"Kitenzi?" alisema askari.

"Kitenzi gani tena, afande?"

"Ulichojia. Umekuja kufanya nini katika nchi yetu? Herufi, maana, asili."

Gwamaka alijikuna kichwa. "Nimekuja kutembea tu."

"Kutembea ni cha mbuzi," alisema askari kwa dharau. "Pita."

Ndipo msafiri wetu alipoanza kuijua sheria ya nchi ile. Watu wa Utamko wamevigawa vitenzi mafungu mawili. Lipo fungu la vitenzi vya mbuzi, yaani kila jambo ambalo hata mbuzi hulifanya bila kufundishwa: kula, kulala, kutembea, kuzaa, kulia. Hivyo ni huru, kila mtu ajifanyie. Fungu la pili ni vitenzi vya elimu, vile ambavyo wanasayansi wa Kiingereza wamevipa jina lao. Jambo la fungu hili haliruhusiwi kufanyika mpaka apatikane mtu wa kusimama mbele ya Baraza la Vitenzi, akitaje kitenzi chake kwa Kiingereza, akipange herufi kwa herufi, aseme maana yake, kisha aeleze kilikotoka. Akifaulu, huitwa Mwenye Kitenzi, na kitenzi kinakuwa mali yake kama shamba lenye hati.

Sheria nzuri kuisikia. Barabarani Gwamaka alimkuta mwanamume amesimama na ndoo ya maji ya tope, na begani ana kitambaa cheupe kisafi.

"Unangoja nini, kaka?"

"Namngoja Mwenye Kuchuja."

"Si uyamwage tu hayo maji kwenye hicho kitambaa?"

Mwanamume yule aligeuka haraka kutazama kama watoto wake wamesikia. "Ndugu yangu," alisema kwa sauti ya chini, "wewe huna wazazi? Maneno kama hayo mchana kweupe?"

Gwamaka alicheka mpaka akaketi chini. Alicheka tena sokoni, alipoona maziwa yameganda kwa kuwa Mwenye Kuchemsha alikuwa harusini. Alicheka mbele ya duka la mwashi ambaye ukuta wake ulikuwa umepinda kama ulimi wa mlevi, na mwenyewe akawa anausifia kwamba unasubiri kitenzi. Nchi nzima, alijiambia, ni darasa ambalo mwalimu ametoka na funguo. Akayanywa maji ya kule, yale yasiyochujwa. Kufikia jioni tumbo likamkata kicheko, na asubuhi akawa kwenye foleni ya zahanati.

Ndani kulikuwa na benchi la akina mama, pazia la bluu, na mizani ya kuning'inia, ile yenye uso wa saa na kaptula ya kumtilia mtoto. Kaptula ilikuwa tupu. Mshale ulikuwa kwenye kilo mbili.

"Nesi," alisema Gwamaka, tumbo likimuuma lakini mdomo mzima, "mizani yako imekula kabla ya wageni."

Nesi Mwanahija, mwanamke mwembamba mwenye kalamu nywelini, hakuinua uso. "Tangu mvua za mwaka jana iko hivyo."

"Naona skrubu hapo chini ya uso wake."

"Ipo."

"Ukiizungusha mshale unarudi sifuri."

"Unarudi."

"Sasa?"

Nesi akaweka kalamu mezani. "Kurekebisha kipimo kina kitenzi chake, na kitenzi chake hakina mwenyewe. Nikiigusa, kazi sina."

"Basi toa mbili kichwani, uandike kilichobaki."

"Kutoa ni hisabati, kaka. Mwenye Kutoa yuko likizo."

Gwamaka akapiga kofi gotini. Alikuwa ameshaandaa utani mwingine, mzuri kuliko huo, wakati mama mmoja aliyekuwa mwisho wa benchi aliposema, "Wewe cheka tu, mdogo wangu. Sisi tumeshazoea kuchekwa."

Jina lake lilikuwa Sikudhani. Mapajani alikuwa na mtoto wa kiume aliyekwisha kupita mwaka, na alipoulizwa mtoto anaitwa nani alisema, "Mkubwa." Mzaha ulimfika Gwamaka ulimini ukafia hapohapo. Shingo ya yule mtoto ilikuwa nyembamba kama kishikio cha mwiko.

"Utaratibu uko hivi," alisema Sikudhani. "Mtoto akiwa chini ya mstari mwekundu, serikali inampa maziwa ya unga na unga wa lishe. Akiwa juu ya mstari, anapewa pongezi. Mwanangu mimi ana kilo sita. Namjua, namweka mgongoni kila siku. Mizani inasema nane. Kila wiki Nesi ananipongeza."

Nesi Mwanahija aligeukia ukutani. Baadaye, akimpa Gwamaka dawa ya tumbo, alimnong'oneza kwamba yeye mwenyewe alikwenda Barazani kukiomba kile kitenzi. Herufi alipata. Maana alipata. Kwenye asili akasema alivyosoma: kwamba Waingereza walikitoa kwenye neno la Wafaransa la upana wa mtutu wa bunduki, nao Wafaransa walilipata kwa Waitaliano, na nyuma kabisa wasomi wanalipeleka kwa Waarabu, kwenye neno lilelile tulilonalo sisi, kalibu, ile anayomiminia mhunzi chuma kilichoyeyuka. Baraza lilimfukuza. Kitenzi cha Kiingereza, walisema, hakiwezi kuwa na bibi jikoni kwa mhunzi. Asili yenye heshima sharti itoke mbali.

"Na tangu hapo?" aliuliza Gwamaka.

"Tangu hapo nawapongeza," alisema Nesi.

Sasa, kuna watu ambao huruma ikiwashika hutoa walicho nacho mfukoni. Gwamaka huruma ikimshika hutoa ahadi. Alisimama katikati ya zahanati, mkono kifuani. "Dada Sikudhani, Ijumaa mwanao anakunywa maziwa. Hicho kitenzi ni changu. Nakijua kama ninavyolijua jina la mama yangu."

"Usiniapie bure, mdogo wangu."

"Naapa. Ijumaa."

Ukweli, kama ungemwuliza asili ya kitenzi hicho, mbali na ile ya Nesi iliyokwisha kukataliwa, angekwambia jua ni kali leo.

Baraza la Vitenzi lilikaa katika ukumbi wenye viti vya mito. Wenye Vitenzi walikuwa wengi, na kila mmoja aliiweka mikono yake juu ya meza mbele yake ili ionekane: mikono laini, iliyoumuka kama maandazi. Mwenyekiti, Mheshimiwa Fikirini, alikuwa Mwenye Kupima Joto, na ukumbi wake ulikuwa kama tanuri.

"Kijana," alisema, "kitaje."

"*Calibrate*," alisema Gwamaka.

"Herufi."

"Si, ei, el, ai, bi, ar, ei, ti, i."

Hapo mjadala ukazuka. Mjumbe mmoja alitaka kujua ile herufi ya mwisho inafanya kazi gani, maana haisikiki. Mwingine akamjibu kwa ukali kwamba haifanyi kazi yoyote, na ndiyo maana imewekwa mwisho, mahali pa wakubwa. Wa tatu akatoa hoja kwamba herufi iliyopo bila kufanya kazi ni mfano mwema kwa Baraza zima na inafaa isimamiwe. Walisimama. Gwamaka naye alisimama, ameuma shavu kwa ndani asicheke.

"Maana."

"Kukilinganisha kifaa cha kupimia na kipimo kilicho sahihi, kisha kukirekebisha mpaka kiseme kweli."

Neno kweli liliwafanya wajumbe wawili wakohoe, lakini likapita.

"Asili."

Asili ya Nesi ilikwisha kukataliwa ukumbini humo humo. Kitabu cha kichwani alichojigamba nacho kilifunguka, na ndani kurasa zilikuwa nyeupe. Akafanya alichokuwa akifanya siku zote akibanwa: akatania. Alisema kwamba zamani huko Ugiriki, ng'ambo ya milima yenye theluji, alikuwapo mfalme aliyeitwa Kalibrato, aliyekuwa na pua ndefu kiasi kwamba askari wake walipimwa urefu kwayo, na aliyepungukiwa alirudishwa kwao kula zaidi. Akangoja kicheko ili naye apate kusema, jamani, nilikuwa nawatania, sijui.

Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja alifuta machozi. "Mbali kiasi hicho!" alisema. "Na theluji juu yake!"

"Pua ya kifalme," alisema mwingine, akitikisa kichwa kwa heshima. "Na yule nesi alitaka kutupeleka kwa mhunzi."

Kwa hiyo Gwamaka akawa Mwenye Kitenzi. Akapewa joho, nyumba yenye kivuli, na mtu wa kumnawisha mikono. Alikula pilau ile ya kwanza akijiambia kwamba utani umekubali na mwisho wake utakuwa mwema. Akamwambia Mheshimiwa Fikirini, "Mzee wangu, nikimaliza hapa nakwenda zahanati mara moja, nikaizungushe ile skrubu."

Meza nzima iliangua kicheko. Hicho ndicho kilikuwa kichekesho chake cha kwanza kueleweka Utamko.

"Mwanangu," alisema Fikirini, akijipangusa macho, "mwenye shamba analima?"

"Kwetu analima."

"Kwetu anayelima ni kibarua. Mwenye Kitenzi akikifanya kitenzi chake kwa mkono wake, anaitwa mtenda. Mtenda anavuliwa joho na kutolewa nje ya lango, na watoto wanamzomea mpaka mtoni."

"Na kibarua?"

"Kibarua haruhusiwi kugusa kisicho chake."

"Basi nani anaizungusha skrubu?"

"Swali zuri sana," alisema Fikirini kwa upole. "Baraza limelijadili miaka mingi. Ila usiwe na wasiwasi. Siku ya kutawazwa kwako utasimama mbele ya ile mizani, mbele ya watu, utasema: imefanyika. Ikisemwa na mwenyewe, imefanyika. Tena Baraza lenyewe limenong'onezwa kwamba ile skrubu imeshika kutu na haizunguki. Ukilisema na hilo, watu watakuelewa zaidi."

Ijumaa ilifika, kwani Ijumaa haina haja ya kibali. Sikudhani alikuja mlangoni kwa Gwamaka na mtoto mgongoni. Hakumwita mdogo wangu.

"Mheshimiwa," alisema, "Ijumaa ni leo."

"Kuna taratibu, dada," alisema Gwamaka, na alipoisikia sauti yake aliitambua: ilikuwa ya Fikirini. "Mambo haya yana hatua zake. Mtoto hajambo?"

"Halii siku hizi."

"Afadhali."

"Watu wote wananiambia afadhali. Wanasema ametulia." Alimgeuza mtoto kidogo ili Gwamaka amwone. Mkubwa alimtazama yule mtu wa joho kwa macho yaliyokuwa makubwa kuliko uso, bila kuomba kitu. Gwamaka alikuwa na kipande cha nyama mkononi. Alikificha nyuma ya mgongo kama mwizi, badala ya kumpa mama wa mtoto, na mpaka leo hajui kwa nini hakutoa. Walipoondoka nyama ile haikumezeka.

Tangu siku hiyo hakuwacheka tena watu wa Utamko. Mtu wa ndoo alipompita njiani na kumwinamia, Gwamaka alitazama upande mwingine. Yule angalau alikuwa akingoja kwa imani. Yeye alijua kitambaa ni cha nini.

Mchana wa kuamkia kutawazwa, wakati mji wote ulipokuwa kwenye karamu ya Mwenye Kuyeyusha, Gwamaka alijifanya tumbo limemrudia akatoroka. Zahanati ilikuwa wazi na kimya. Kaptula ilikuwa imening'inia tupu, mshale kwenye mbili, pazia la bluu limefungwa. Alilikunja joho mpaka viwikoni. Pamoja na maneno yote yale hakuwahi kurekebisha hata saa ya ukutani. Aliizungusha skrubu kushoto, mshale ukapanda. Akaizungusha kulia. Haikuwa na kutu hata kidogo. Ilikwenda kwa wepesi kama kizibo cha chupa ya soda. Mshale ukashuka, ukapita moja, ukakaa sifuri.

Ulikaa sifuri, jamani, na kazi nzima haikuchukua muda wa kupiga chafya. Gwamaka alisimama akautazama. Alihisi furaha ambayo hakuwahi kuipata kwa mdomo.

Ndipo hatua zikasikika nje, kwenye kokoto. Alimwona Fikirini kichwani mwake, lango, na watoto wa mtoni na kuzomea kwao. Mkono wake, bila kumwuliza, ulirudi kwenye skrubu. Akazungusha kushoto. Moja. Mbili. Akalishusha joho.

Aliyeingia alikuwa mbuzi.

Mbuzi alimtazama, akala kipande cha pamba sakafuni, akatoka. Gwamaka angeweza kuirudisha skrubu wakati ule ule. Mkono ulikuwa bado pale. Lakini ngoma za karamu zilikuwa zikimwita kwa jina, na akajiambia atarudi baadaye, na alipojiambia hivyo alijua kabisa kwamba anajidanganya. Akatoka akitembea taratibu, kama wakubwa.

Siku ya kutawazwa watu walijaa zahanati mpaka uani. Baraza lilikaa mbele, mikono mezani. Nesi Mwanahija alisimama karibu na mizani, uso wake hausomeki. Akina mama walikuwa kwenye benchi lao na watoto wao.

"Mwenye Kitenzi," alisema Fikirini, "iseme kazi yako."

Gwamaka alitazama mshale kwenye mbili. Alisema, "Imefanyika."

Makofi. Akasikia moyo ukimdunda na makofi yakimtia joto, na kwa kuwa alishindwa kuunyamazisha ule moyo, akaongeza maneno juu yake, kama mtu anayefunika shimo kwa majani. "Na wale wanaosema ingezungushwa kwa mkono," alisema, "wajue kwamba haizunguki. Imeshika kutu. Nimeikagua mimi kwa macho. Hakuna mkono wa binadamu unaoweza kuusogeza ule mshale."

"Mheshimiwa."

Alikuwa Sikudhani. Alikuwa amesimama, Mkubwa begani kwake, na sauti yake haikuwa kubwa.

"Jana mchana nilikuja mapema nikae wa kwanza. Mtoto alikuwa amechoka, nikamlaza nyuma ya lile pazia. Nilikuwepo."

Alilionyesha pazia kwa kidevu.

"Nilimwona anakunja joho. Niliona mshale unashuka mpaka chini kabisa, mahali ambapo sijawahi kuuona tangu nijifungue. Nikaziba mdomo nisilie kwa furaha, nisimwamshe mwanangu. Nikasema, kumbe ana moyo yule kijana, watu wanamsingizia. Halafu nikamwona anaurudisha."

Minong'ono ikaenea zahanati nzima kama moto wa majani. Mtenda, walisema. Amegusa. Fikirini aliinua mkono wake laini, uso wake umejaa huruma kwa Gwamaka, kama baba.

"Mwanangu, mama huyu anasema uliifanya. Ni shutuma nzito, lakini ni neno lake juu ya lako. Kana tu, yaishe. Sema hukuigusa."

Baraza zima lilimwinamia kumsaidia kukana. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kuhusu kule kurudisha. Gwamaka alitafuta mzaha, hata mdogo, wa kuwekea hapo katikati. Siku zote ulikuwepo. Akatazama chini. Alipoinua macho, Nesi Mwanahija alikuwa amefunika uso kwa viganja, na Sikudhani hakuwa akimtazama Fikirini, wala joho, wala ule mshale. Alikuwa akitazama mkono wake wa kulia, na Mkubwa, juu ya bega la mama yake, alikuwa akitazama hapohapo.

"Simshitaki kwa kuifanya," alisema Sikudhani. "Afanye tena, sisi wote tutafumba macho. Ni mkono huo huo."